Meno ya Skrubu

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, usije ukadhani hapa pana habari za shujaa. Nilizaliwa Masasi, kwa watu wa misheni, nikalelewa kwa nyimbo za kanisani. Bunduki niliishika mara ya kwanza nikiwa mwalimu Newala, vita vya Msumbiji vikinguruma ng'ambo ya Ruvuma, tulipoambiwa kila mtu lazima ajue kulinda kijiji.

Afande aliyetufunza mgambo alikuwa mtu wa bara, mkali kama pilipili. Bunduki zetu zilikuwa chache na kuukuu, tukipokezana. Juu ya kile chuma kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila unapopiga, palikuwa na skrubu mbili ndogo. Afande alikuwa amegonga pembeni mwa kila skrubu kwa nyundo na msumari mgumu, chuma kikavimba na kuzibana zisizunguke. Vivimbe vile tuliviita meno. Ukipokea bunduki, kwanza unapitisha kidole gumba juu yake.

"Usiamini macho, Mwalimu," alinikaripia siku moja. "Skrubu ikilegea, utapiga mara moja tu, chuma kikwame. Na adui hatakusubiri."

Asubuhi moja uwanjani nikapokea bunduki, nikapitisha kidole. Laini. Nikarudia. Laini kama shavu la mtoto. Moyo ukanilipuka paa!

"Afande, hii haina meno."

Akaipapasa, akachukua nyingine, na nyingine. Zote vilevile.

"Nani amegusa bunduki zangu?"

Mimi nilikwisha kumjua. Afande alipokuwa safarini Mtwara, wakubwa wa wilaya walikuja kukagua mgambo, na kabla hawajafika bunduki zilipelekwa kwa mume wangu azing'arishe. Mume wangu ni mchonga vinyago. Jamani, Mmakonde yule ukimpa kitu chenye mkwaruzo, mkono unamwasha! Mpingo huusugua kwa tupa, kisha kwa msasa, mpaka kidole kiteleze. Alikuwa mgambo wa zamani, lakini mafunzo ya afande huyu hakuyahudhuria hata siku moja. "Mafunzo hayo ni ya ninyi walimu," alikuwa akinitania. Basi alipoviona vivimbe vile akadhani ni kazi ya fundi mvivu, akavisawazisha kimoja kimoja. Wakubwa walimsifu, akarudi nyumbani kifua mbele.

Na jana yake alikuwa ameteremka bondeni kulinda kivuko cha Ruvuma, na bunduki mojawapo ya hizo.

Afande aliondoka mbio na watu wawili. Mimi nikaambiwa nibaki na watoto wa shule. Nilifundisha hesabu siku ile nikiandika jibu kabla ya swali. Kila mlango ulipogongwa niliona maiti yake ikiletwa kwenye machela. Nikawa natoka nje kila mara kuitazama njia ya bondeni.

Jioni wakapanda kutoka bondeni. Mume wangu alikuwa mbele, na nyuma yake mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mzee mmoja mwenye furushi, wakimbizi kutoka ng'ambo. Nilimrukia nikampapasa kichwa mpaka miguu. Alikuwa mzima. Akafumbua kiganja, nikaona skrubu moja.

"Nyingine imeangukia kwenye matete," akasema.

Tulipoingia ndani akanisimulia. Alfajiri, kwenye ukungu, alisikia watu wakipasua maji. Akajua ni askari wa Kireno. Akapiga, risasi ikapita juu. Akashusha mtutu apige tena, chuma kikakwama. Akavuta, akakigonga kwa kiganja, wapi! Akakaa akingoja kuuawa. Ndipo akasikia mtoto analia.

"Ile risasi ya pili ilikuwa yao, mke wangu. Nilishalenga."

Mwanamke yule alikunywa maji kwetu, akatushukuru kwa Kimakonde kilekile chetu. Hakujua ni nani aliyewafyatulia risasi. Mtoto wake akatambaa mpaka miguuni kwa mume wangu, akashika suruali. Mume wangu akanyanyuka, akatoka nje.

Afande alimfokea mpaka mate yakamkauka, akatafuta skrubu mpya, akazigongea meno. Mume wangu alishika tochi akimmulikia.

Zamu yake ilipofika tena, aliniwekea bunduki mapajani.

"Hebu papasa, mwalimu wangu."

Nikapitisha kidole gumba. Meno yalikuwapo, makali, yakinikwaruza ngozi. Nikarudia, maana siku ile niliogopa kuliko siku zote.

"Imekaza?"

"Imekaza. Haitakwama."

Hakuna aliyefurahi. Nikamfungia mihogo yake ya kuchemsha kwenye kitambaa, nikamsindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, na mkono wake sikuuachia.

"Baba," nikamwambia, "usikie kwanza kama kuna mtoto."