Aliyejengea Programu Mlangoni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wewe ukiwa bado tumboni na miguu yangu imevimba, pale kituo cha utafiti mjini nilikoajiriwa kufungua na kufunga akaunti za kompyuta. Nina kidato cha nne tu, lakini macho ninayo.

Watafiti wote walitumia mtambo mmoja mkubwa wa kompyuta nyingi zilizounganishwa. Kulikuwa na kompyuta ya mlangoni, ya kuingilia tu; kazi nzito ilipelekwa kompyuta za nyuma, kwa foleni. Jambo hilo halikuandikwa popote. Ulilijua kwa kuambiwa.

Basi akaja Nekesa, mwanafunzi kutoka Kabiria. Akaanza kujenga programu yake ya kuchunguza magonjwa ya mahindi, yaani kuifanya kompyuta igeuze maandishi yake kuwa programu kamili, palepale mlangoni, tena bila kuiwekea kikomo cha nguvu. Ikameza nguvu zote. Skrini za watu zikaganda.

"Nani huyo ametukwamisha?" Dokta mmoja akanigeukia. "Mama, funga akaunti ya huyo msichana. Sasa hivi."

 Kwa Nekesa, bila akaunti hakuna utafiti, na bila utafiti hakuna digrii. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya.

"Ngoja, Mama," akasema Mzee Wafula, mtunza mtambo. Akaisimamisha ile kazi, skrini zikarudi, kisha akauliza polepole, "Nani alikuwa ameketi karibu naye?"

"Mimi," akasema Barasa, mwanafunzi wa siku nyingi, aliyekuwa amelalamika kuliko wote skrini zilipoganda.

"Ulimwona akianza?"

"Nilimwona, Mzee. Nikasema acha ajionee."

"Aa. Jirani anawasha jiko kwa petroli, wewe unavuta kiti utazame." Hakuna aliyecheka. "Haya, kivute huku. Mtajenga pamoja, kwenye kompyuta za nyuma, mpaka iishe. Dokta, akaunti inabaki."

Jioni programu ikajengeka. Hapo ndipo Nekesa alipolia.

Mimi bado nina hasira, sitakuficha. Si na Nekesa. Mgeni ni kuku mweupe, kila mtu humwona. Na waliomwona vizuri zaidi ndio walionyamaza, halafu wakapiga kelele kushinda wote.

Sikia basi, mwanangu. Ukifika penye kitu cha watu wengi, uliza kabla ya kugusa. Kuuliza si ujinga. Ukiwa mwenyeji, sema kabla mgeni hajaharibu, na useme kwa upole hata kama umechoka. Na mkubwa akikuamuru umfungie mtu, muulize kwanza nani alimfundisha.

Mungu akupe majirani wasiongoja uanguke ndipo waseme. Nawe akujalie mdomo wa kuonya mapema, na moyo wa kukaa na aliyekosea mpaka kazi yake isimame. Amina.