Babu Aliyeomba Ruhusa ya Kuruka

Babu yangu alirusha ndege za jeshi ujana wake wote, na alipostaafu akahamia Chanika akaanza kuirusha familia. Sitanii. Kutoka getini mpaka barazani alifyeka njia iliyonyooka, akapanga mawe pande zote mbili na kuyapaka chokaa, na ole wako mjukuu ukatize pale bila kuangalia kulia na kushoto. Juu ya nguzo alitundika mfuko mrefu wa kitambaa, wa kuonyesha upepo unatokea wapi. Kitambaa chenyewe kilikuwa kanga mpya ya Bibi, na wala hakumwomba. Bibi alinuna kutwa nzima. Babu akautazama mfuko wake, akatutangazia kuwa upepo mkali leo unatokea jikoni.

Sebuleni alikuwa na kiti chake, amechongesha kwa mafundi wa Keko, na akataka kifungwe mkanda wa gari. Fundi alimuuliza mara mbili kama ana hakika anataka mkanda kwenye kiti cha sebuleni. Alikuwa na hakika. Alijifunga kila jioni kabla ya taarifa ya habari, na akishajifunga ndio hadithi zinaanza.

Aliyoipenda kuliko zote ni ya siku injini ilipozimika angani, akatua kwenye uwanja wa mpira katikati ya mechi. Kwa maelezo yake, refa alimfuata mpaka kwenye ndege akampa kadi nyekundu kwa kuingia uwanjani bila ruhusa. Bibi alikuwa akisikia hapo tu, anapaza sauti kutoka jikoni kwamba kadi ilikuwa ya njano. Babu anasema nyekundu, kwani wewe ulikuwepo? Bibi anasema sikuwepo, ila ulipokuja kunichumbia ilikuwa njano. Wamebishania kadi hiyo tangu mie sijazaliwa. Na hadithi nayo ilikuwa inakua, jamani. Miaka ya mwisho ndege ilikuwaga imefunga na goli.

Asubuhi alikwenda dukani kwa baiskeli. Alisimama mwanzo wa yale mawe meupe, mguu mmoja chini, akaita kuelekea jikoni, "Mnara, naomba ruhusa ya kuruka." Mnara ni pale uwanja wa ndege wanapokaa wanaowaruhusu marubani kuondoka, na kwetu mnara alikuwa Bibi. Bibi alijibu bila kuinua kichwa kwenye sufuria, "Ruhusa. Mkate usisahau." Asipojibiwa hatoki, hata kama mvua inamnyeshea. Na mkate alisahau. Alirudi na gazeti, alirudi na malimao, siku moja alirudi na bata hai amemfunga kwenye keria, na alipoulizwa mkate uko wapi akaanza kutusimulia alivyompata bata.

Nyumba ya pili alikuwa anaishi mama mmoja wa Kinyamwezi, mtu mzima, na sie ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Babu alimwita mzigo uliozidi kilo. Yeye alimwita Babu dereva wa mwewe, akamwita na Bibi mke mwenzangu. Hakuna aliyekasirika, maana kwa mtani kukasirika ndio aibu yenyewe.

Babu alifariki usingizini. Wakaja ndugu, wakaja majirani, wakaja wazee wenzake wa jeshi wamenyooka utadhani wamepigwa pasi. Bibi hakulia. Hakusema neno na mtu yeyote. Tulimpa uji ukapoa mkononi mwake, tukamsemesha akawa anatuangalia tu. Mie nilikuwa naogopa kweli, maana kwetu wanawake hatuendi makaburini. Jeneza likishavuka mlango ndio basi tena. Asipomuaga mumewe pale sebuleni hana pengine pa kumuagia, na kinachofuata ni eda, akae peke yake ndani na hilo neno limemkwama.

Baba mkubwa, yeye shida yake ilikuwa wageni. Utani wa msibani anaujua: mtani anamwigiza marehemu, anazuia shughuli, na hakuna wa kumgusa. Akamfuata yule mama jirani mapema, akamwomba kwa heshima zote kwamba leo kuna wakubwa wa jeshi, tafadhali utani tuuweke pembeni. Yule mama akasema sawa mwanangu. Loo, alivyosema sawa kwa upole ule, ningejua.

Wanaume walipoingia na kulibeba jeneza, mlangoni palikuwa pameziba. Mtani alikuwa amekiburuta kiti cha Keko mpaka kizingitini, amekaa, amejifunga mkanda, kavaa kofia ya Babu na miwani yake nyeusi. Akatangaza kwa sauti ya Babu kabisa kwamba ndege hii haiendi popote, haina ruhusa. Baba mkubwa akambembeleza kwa meno yaliyofungwa. Mtani akamwambia kwamba rubani akiruka bila ruhusa anapewa kadi, na kadi ya huyu haijulikani mpaka leo ni nyekundu au ya njano. Mzee mmoja wa jeshi akaanza kutetemeka kwa kicheko, pembe yake ya jeneza ikashuka, wenzake wakamkemea huku na wao mabega yanacheza. Nikacheka mpaka nikaona haya.

Ndipo mtani akavua miwani. Hakumwangalia baba mkubwa wala wazee. Alimwangalia Bibi pale chini kwenye mkeka.

"Mke mwenzangu," akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, "anasubiri."

Bibi aliliangalia jeneza muda mrefu, midomo inacheza bila sauti, na wale waliolibeba hakuna aliyethubutu kusogeza mguu.

"Ruhusa," akasema Bibi. "Mkate usihangaike nao."

Mtani akafungua mkanda, akasogeza kiti. Akatangulia kinyumenyume katikati ya yale mawe meupe, mikono juu, akilielekeza jeneza mpaka getini, na baba mkubwa aliyekataza utani akafuata nyuma machozi yanamtiririka. Lilipokata kona, Bibi alilia.