Nyumba ya Kijivu Niliyomficha Baba

Kazi yangu ni kuwatembeza watu ndani ya nyumba ambazo hazijajengwa. Nachukua ramani, nasimamisha kuta zake ndani ya kompyuta, napaka rangi, naweka jua, kisha natengeneza video fupi ambayo kamera inaingia mlangoni na kuzunguka vyumba. Hapa Sumbawanga tunaoifanya ni wachache, na wengi nikiwaeleza hudhani nauza filamu.

Nilikuwa na sharti moja: mteja haoneshwi nyumba ya kijivu. Kabla ya rangi na mwanga, nyumba ndani ya kompyuta huwa ya kijivu tupu, haina nyasi wala kivuli. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mtu wa kutoka Mbeya, niliwahi kumwonesha yake ikiwa hivyo. Akaitazama, akasema, "Dada, mimi nilitaka nyumba ya kuishi. Hili ghala la nini?" Hakurudi tena. Tangu hapo nikawa na kichwa kigumu juu ya jambo hilo, na nikajivunia ugumu wenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi seremala. Nyumba yetu ya kijijini aliijenga yeye, kwa matofali aliyoyachoma yeye. Mama alipofariki akahamia mjini kwa kaka yangu, na mvua za miaka miwili zikaangusha ukuta wa nyuma. Hakuna aliyewahi kuipiga picha ile nyumba. Nani apige picha nyumba anayolala kila siku? Halafu presha ya macho ikamshika. Daktari akamwambia jicho la kulia limeshakwisha, na la kushoto halina muda mrefu.

Akaja ofisini kwangu, chumba kimoja karibu na soko, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama," akaniita, kama alivyoniita tangu utoto, "wewe unawajengea watu nyumba kwenye hiyo mashine. Nijengee ile yetu. Niione mara moja tu."

Vipimo alikuwa navyo kichwani. Alinipa urefu wa ukuta kwa hatua zake, na mlango kwa paji lake la uso, pale alipokuwa akijigonga. Alikumbuka ufa wa sakafuni. Alikumbuka mama akikaa kizingitini asubuhi, ungo mapajani, akichambua maharage. Baada ya siku tano nyumba ilikuwa imesimama, kamera inaingia na kutoka. Ilikuwa ya kijivu, lakini ilikuwa yenyewe. Mimi mwenyewe niliinamisha kichwa kamera ilipofika mlangoni.

Sikumwonesha.

Nilitaka aione na udongo mwekundu, na nyasi zinazolala kwa upepo, na ungo wa mama kizingitini. Nikaanza kurenda, yaani kuiachia kompyuta ichore picha moja moja, ishirini na nne kwa kila sekunde ya video. Kila picha ilichukua dakika sita. Nikaongeza maharage kwenye ungo, punje kwa punje, zikawa dakika nane. Umeme ukikatika, nangoja. Wiki ya pili nikagundua jua nimelichomoza upande wa zizi lililokuwa nyuma, asubuhi inaingia kwa mlango wa nyuma. Nikafuta zote, nikaanza upya.

Baba alikuja mara tatu. Kila alipokaa kwenye benchi nilikigeuza kioo cha kompyuta upande wangu, kama ninavyowafanyia wateja.

"Bado?"

"Bado, baba. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema, tukacheka wote wawili. Mara ya tatu alikuja akipapasa ukuta wa korido. Niliona. Nikajiambia ni giza la ile korido, ingawa ilikuwa saa sita mchana.

Video ilipokamilika nikaibeba kompyuta hadi kwa kaka. Baba alikuwa uani, anaota jua.

"Shikamoo, baba. Imeiva."

"Marahaba, mama. Lete."

Nikaiweka mapajani pake, nikaizungusha isipigwe na jua, nikabonyeza. Nyumba ikatokea, nzuri kuliko chochote nilichowahi kutengeneza. Nyasi zilikuwa zinalala. Kamera ikapita juu ya ungo, ikaingia ndani, ikazunguka vyumba vyote viwili, ikatoka. Baba alikuwa ameelekeza uso pembeni kidogo ya kioo, anatabasamu kwa adabu.

"Imeanza?" akauliza.

Akanyoosha mkono, akakigusa kioo, akakipapasa kama anavyopapasa ubao kuona kama umelainika. Kisha akauondoa.

"Basi nisimulie," akasema.

Nikaianzisha tena, nikamsimulia. Udongo. Mlango. Nilipofika kizingitini nikamwambia kuna ungo wa maharage. Akauliza, "Mama yako yuko wapi?" Nikamwambia watu sijaweka, kwa sababu watu waliomo kwenye kompyuta hakuna anayefanana naye. Akatikisa kichwa taratibu. Nikaendelea hadi mwisho, na dakika moja ile nikaiona ndefu kuliko wiki zote nilizoitengeneza.

Kompyuta ilikuwa ingali mapajani pake.

"Zile siku nilizokuja pale kwako kuulizia," akasema, "palikuwa na chochote cha kuona? Maana siku ile ya kwanza bado nilikuwa nakuona mpaka kilemba chako."

Ingenigharimu nini kusema kweli? Nilimtazama yule mzee, nikaogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Hapana, baba," nikasema. "Hapakuwa na kitu."

Akashusha pumzi, akanitafuta mkono kwa mkono wake mpaka akaupata.

"Basi usilie, mama. Wewe huna kosa. Ni macho yangu tu hayakungoja."