Kuni za Matanga Yangu

Mtu akinisifia ukarimu wa majirani zetu wa Kakamega, mimi hunyamaza. Nikifungua mdomo nitatukana.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na kila kitu kilikuwa harambee. Kwa harambee tulijenga nyumba ya kujifungulia, chumba kimoja cha matofali, na ndani yake tukaweka jiko la pipa lenye bomba la kutolea moshi, ili watoto wachanga wasife kwa baridi ya mvua. Barazani tukakubaliana kila boma lilete mzigo wa kuni kavu. Watu walipiga makofi hayo!

Humo ndimo nilimojifungua binti yangu wa kwanza, kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo kama kifaranga. Mkunga akaniambia, "Mama, dawa ya huyu ni joto tu. Likikatika, tumempoteza."

Joto gani? Kuni zilizorundikwa nje zilikuwa mbichi, nyingine bado zina majani! Kila boma lilitegemea jirani ndiye alete kavu. Mama mkwe wangu mwenyewe alileta matawi ya mparachichi yanayotoka maji, na kwake, kwenye uchaga juu ya mafiga, kulikuwa na kuni kavu za kupikia obusuma, ugali wetu, hadi mvua iishe. Nilizijua. Nilizibeba mimi kutoka msituni, nikiwa na mimba hiyohiyo.

Jiko likafuka moshi, joto hakuna. Nikamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na bado miguu yake ilizidi kuwa baridi. Asubuhi mkunga akatoka nje akikohoa na kufuta machozi, maana moshi ulikuwa umemchoma macho. Mpita njia mmoja akamwona analia. Hakuuliza. Alikimbia kijijini kutangaza kwamba nimekufa.

Sasa, kwetu nyumba yenye msiba haiombi kuni. Kila mwanamke anayekuja kulia huja na mzigo kichwani, na ole wako uonekane na kuni mbichi matangani. Utasemwa mpaka uzeeke. Njia ya kwenda nyumbani kwangu na mume wangu ilipita mlangoni mwa chumba kile. Kabla ya saa sita nikasikia vilio, nikachungulia. Lo! Wanawake wamefuatana, kuni kavu kabisa vichwani. Mbele yao mama mkwe na zile za uchagani, nyeusi kwa masizi, akililia wema wangu.

Nikatoka na mtoto kifuani. Mzigo wake ukaanguka.

"Yesu wangu! Mwanangu, si umekufa?"

"Bado, mama. Poleni kwa safari. Ingizeni hizo kuni ndani."

Mmoja akanong'ona kwamba kuni za matanga kuwashia wazima ni mkosi. Hapo nikapasuka. "Mkosi ni nyinyi! Nikiwa hai mnanipa majani, nikifa mnaniletea moto! Maiti gani alishawahi kuwaambia anasikia baridi?"

Wakaziingiza. Pipa likashika moto hadi likawa jekundu, na jioni ile binti yangu akanyonya kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe alibaki akichochea, hathubutu kunitazama. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kesho nilete kuni gani?"

"Lete kama nimekufa," nikamjibu.