Mgambo Aliganda, Uchungu Ukaendelea

Mwaka 1979 nilizuiwa kwenda kujifungua, na aliyenizuia hakujua kama ananizuia au ananiruhusu.

Siongezi chumvi. Yalinikuta mimi, Silvana.

Katibu wa kijiji chetu, huku Ufipa njia ya Mwazye, alikuwa Ambilikile, mtu wa Mbeya. Kaunda suti, kalamu mbili mfukoni, kichwani upepo mtupu. Vita viko Kagera huko, yeye akaamini adui atapitia Ufipa.

Akalaza mti barabarani. Kila anayeingia kijijini ataje jina, balozi wa nyumba zake kumi, na neno la siri la siku hiyo. Na wa pili haulizwi mpaka wa kwanza amalizwe.

Sasa huyo huyo Ambilikile, jana yake, alikuwa amemvua ubalozi mzee Zenon, eti mkaidi. Hakuweka mwingine. Nyumba kumi zikabaki hazina balozi, yangu ikiwemo.

Asubuhi uchungu ukanishika shambani. Mume wangu Beda akanipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mbio zahanati ya kijiji. Pale kwenye mti alisimama mgambo Wilibrodi.

Nikataja jina. Nikataja neno la siri, "jembe", tulilopewa alfajiri tukitoka.

"Balozi?"

"Hatuna. Kavuliwa jana."

Wilibrodi akaganda. Hakusema pita, hakusema rudi. Alifundishwa balozi wa kweli na balozi wa uongo, asiye na balozi hakufundishwa. Mdomo wazi, macho kwangu, basi.

Foleni ikajaa nyuma yetu. Wanaume wazima na majembe yao, kimya kama wako kanisani. Beda naye ananiambia nivumilie, utaratibu ni utaratibu. Nilimdharau siku ile, na bado sijamaliza.

Ambilikile akaitwa. Akauruka mti, akaja upande wetu, akanitazama navyojikunja.

"Utaratibu hauna kosa," akasema. "Mwenye kasoro ni huyu mama."

Nikashuka mkokotenini. Ule mti haukuwa na uzio kushoto wala kulia, ni nyasi tu. Nikauzunguka, nikashika njia yangu.

Katibu akataka kunifuata. Wilibrodi akamwekea rungu kifuani.

"Jina, Ndugu Katibu. Na balozi wako nani?"

Nyumba ya Ambilikile ilikuwa ya tatu kutoka kwangu. Balozi wake alikuwa Zenon.

Akakwama. Kupita kwenye nyasi kama mimi akaona haya, sheria kaitunga mwenyewe na watu wanamtazama. Binti yangu kazaliwa, kanyonya, kalala, katibu bado yuko nje na kalamu zake. Mwishowe akapaza sauti kijijini, mzee Zenon aombwe kurudi kwenye ubalozi. Zenon akajibu kwamba anamalizia ugali kwanza.

Jioni Beda akafika, kapita kihalali, akaniuliza mimi nilipitaje.

Nikamwekea binti yake mikononi. Ila ninyi nawaambia: mtu akijisifu kwamba utaratibu wake hauna kosa, mwacheni apite yeye kwanza.