Sindano ya Fundi

Fundi cherehani alikuwa na kisukari, lakini kupimwa macho hakutaka hata kusikia. Mkewe alipomkokota mpaka kliniki, fundi alichomoa sindano kwenye kola ya shati, akaitunga uzi mbele ya daktari.

"Kipofu anaweza hivi?"

Daktari akamtia matone ya kupanua mboni, akammulika. Mishipa midogo nyuma ya jicho ilikuwa imeanza kuvuja damu.

"Lakini naona vizuri!"

"Huu ndio wakati wa kutibu, mzee wangu. Tuzibe ufa kabla hatujajenga ukuta."

Walipofika nyumbani, matone yalikuwa bado yanamtia ukungu. Alihangaika na sindano, akaguna, kisha akamsogezea mkewe.

"Nitungie."

Mkewe akaitunga, akamrudishia mkononi.