Debe la Pumba

Juzi, Igoma, nilimwona punda amefungwa nje ya mashine ya kusaga, akinusa pumba. Nikamkumbuka wetu wa Misungwi, nilipokuwa mtoto. Alibeba maji kila siku akala nyasi kavu, huku ng'ombe wakipewa pumba. Niliona anaonewa. Mchana mmoja nikamwachia debe zima.

Baadaye akaanza kugaagaa mavumbini. Nilipiga makofi, nikidhani anafurahi.

Mama alikuja mbio. "Umempa nini?"

"Chakula kizuri."

Akaweka sikio ubavuni mwa punda, akasikiliza. "Tumbo limenyamaza. Hatuna la kufanya, mwanangu."

Leo najua tumbo la punda limezoea nyasi; pumba nyingi huliziba na kumuua. Siku ile nilijua kumpapasa tu. Viganja vyangu vilinukia pumba, na kila nilipomgusa aligeuza kichwa kuikwepa harufu.